KAZI MOJA TUNAYOISAHAU



Wakati huu wa mwaka sisi wafinalisti tunaulizwa swali moja kila pahali, nyumbani, kanisani, hata kwenye robine tukichota maji: "Kisha diplome, utasoma nini?" Komite ya wanafunzi ilipitisha karatasi katika darasa la mwisho, opsioni zote, kila mutu aandike kazi anayoitaka. Tulihesabu majibu. Munganga alikuwa wa kwanza, kisha avoka, kisha injenieri, kisha mambo ya kompyuta. Mmoja aliandika pasta (tunamushukuru Mungu kwa huyo mmoja). Wawili waliandika neno moja tu, "Ulaya", sawa vile Ulaya ni kazi. Lakini hakuna hata mmoja aliyeandika ortofonisti, na sisi tunaona hiyo ni hasara kwa inchi yetu.

Ortofonisti ni nani? Neno linatoka katika Kigiriki: orthos maana yake nyoofu, sawasawa, na phone maana yake sauti. Wafaransa wanasema ortofoni, Wabeljiji wanasema logopedi, lakini kazi ni moja. Ni mutu aliyesoma kusudi asaidie wale wenye shida ya kusema, ya kusikia maana ya maneno, ya kusoma na kuandika, na hata ya kumeza. Wengi wanazani ni mwalimu wa kutengeneza matamko, anayefundisha watoto wa matajiri kusema Kifaransa cha puani. Sivyo. Tazameni watu wanaotuzunguka hapa hapa.

Tuanze na mutoto aliyezaliwa na mudomo wa sungura. Katika dunia, karibu mutoto mmoja kwa watoto 700 anazaliwa na mudomo au dari ya kinywa iliyopasuka. Mara kwa mara tunasikia tangazo katika redio: waganga wa kupasua wamefika, leteni watoto, ni bure. Wanafika, wanashona, kisha juma moja au mawili wanapanda ndege. Tunawashukuru sana, wanafanya kazi nzuri. Lakini angalieni kile kinachobaki. Kusudi mutu aseme p, b, t au k, inafaa pumzi ifungwe kidogo ndani ya kinywa, kisha iachiliwe. Mutoto mwenye dari iliyopasuka hawezi kuifunga, pumzi inatoroka kwa njia ya pua. Anataka kuita "baba", inatoka sawa "mama". Basi miaka yote kabla ya kupasuliwa anajitafutia njia yake, anakata sauti ndani ya koo pahali pa kutumia midomo na ulimi. Siku wanapomushona, tundu linafungwa, lakini mazoea hayashonwi. Wazazi wanashangaa: "Si walimutengeneza? Juu ya nini hasikilikane?" Hapo njo kazi ya ortofonisti inaanza, na inaweza kuomba miezi mingi ya mazoezi, kidogo kidogo, mama yake akiwa pembeni.

Kazi hii katika Ufaransa ilianza namna hiyo hiyo. Munganga Victor Veau wa Paris alikuwa fundi mukubwa wa kushona dari za vinywa, lakini aliona watoto aliowashona hawasemi vizuri. Mwaka 1926 alianza kuwatuma kwa musichana mmoja aliyejua elimu ya sauti za luga, Suzanne Borel-Maisonny. Huyu alizaliwa mwaka 1900, akafa mwaka 1995, na Wafaransa wanamuhesabu kuwa mama wa kazi yao. Hakuwa munganga. Alisikiliza, aliandika, alijaribu, akafundisha wengine. Serikali ya Ufaransa ilikubali kazi hii kwa sheria ya tarehe 10 mwezi wa saba 1964. Leo kule wanaisoma miaka mitano katika universite.

Tuache watoto, tuende kwa wazee. Katika kanisa moja la hapa karibu kuko muzee ambaye zamani alikuwa shemasi na musemaji mukubwa. Alipatwa na ugonjwa ule waganga wanaita AVC, mushipa wa damu uliziba ndani ya ubongo, na mukono wake wa kuume ulikufa pamoja na maneno yake. Akitaka kusema, anatoa neno moja tu, lile lile. Watoto wake wanasema amekuwa mupumbavu, na wameanza kugawanya shamba mbele yake sawa vile hayuko. Lakini siku ya Mungu wimbo ukianza, anaimba ubeti muzima bila kukosa neno. Watu wananongona: wengine wanasema ni muujiza, wengine wanasema anajifanya.

Si muujiza, tena hajifanyi. Mwaka 1861, katika lopitali ya Bicêtre karibu na Paris, munganga Paul Broca alimupokea mugonjwa aliyeweza kusema "tan" tu, hata watu walimupa jina la Tan. Mutu huyu alisikia mengi waliyomuambia na kujibu kwa mukono. Alipokufa, Broca alipima ubongo wake akakuta kidonda upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Mwaka 1874 Mujerumani Carl Wernicke alieleza namna ingine: kuko wagonjwa wanaosema mbio bila kusimama, lakini maneno yao hayana maana, na maneno ya wengine hawayasikii tena. Ugonjwa huu unaitwa afazi. Akili ya mutu inaweza kuwa nzima kabisa, mulango tu ndio umefungwa. Na kwa kuwa wimbo unatumia sana upande wa kuume wa ubongo pia, unaweza kubaki wakati musemo umepotea. Kuanzia mwaka 1973 watafiti wa Boston, Marekani, walitangaza namna ya kurudisha maneno kwa njia hiyo ya sauti ya kuimba: mugonjwa anaimba kwanza jambo fupi analolihitaji kila siku, mukono ukipiga polepole, kisha wimbo unapunguzwa mpaka maneno yabaki peke yake. Sisi tunaoimba kwaya tangu utoto, tungekuwa wanafunzi wazuri wa kazi hiyo!

Tena muzee wa namna hiyo anaweza kukosa kumeza vizuri. Maji yanaingia mapafu pahali pa kwenda tumbo, homa ya mapafu inamupata, na anakufa kwa gilasi ya maji aliyopewa kwa upendo, kumbe ile AVC ilimuacha muzima. Ortofonisti ndiye anayepima kumeza: anaonyesha mugonjwa akae namna gani, kichwa kiwe namna gani, na chakula kiwe kizito kiasi gani. Kwa wengine uji muzito unapita vizuri kuliko maji. Wangapi kati yetu walijua jambo hilo? Na ni jambo ambalo halihitaji mashini, wala umeme.

Kisha kuko watoto wanaochelewa kusema. Hapa kwetu tunajua dawa zake: wembe. Wanakata kamba ya chini ya ulimi, na mutoto anatoka damu bure, maana mara nyingi ulimi hauna kosa lolote. Kitu cha kwanza cha kuangalia ni masikio. Mutoto asiyesikia hawezi kurudilia asichosikia. Kuko wanaozaliwa hivyo, kuko walioharibiwa masikio na ugonjwa wa meninjiti, na kuko walioharibiwa na dawa kama jentamisini ikitolewa vibaya. Malaria ya ubongo nayo inaacha alama: watafiti wa Kilifi, katika Kenya, walionyesha kwamba watoto wengine waliopona malaria kali wanabaki na shida ya kusema na ya kusikia maana ya maneno. Mwalimu wa shule ya musingi anamupokea mutoto huyo, anamuita mujinga, anamurudisha mwaka, mara mbili, mara tatu, mpaka baba anasema minervali inapotea bure.

Sasa tufike pale tunapotaka kufika. Mutu atatuambia: "Basi Wazungu watume maortofonisti, sawa vile wanatuma waganga wa kushona." Hapana. Sindano haina luga. Munganga wa kupasua anaweza kutoka Ujerumani au India, asijue hata kusema jambo, akafunga mudomo vizuri sana. Lakini kumufundisha mutoto kusema, utamufundisha kwa luga gani? Yule wa kutoka Paris ana vitabu vyake vya kupima watoto, vyenye picha za teluji na maneno ya Kifaransa. Akimupima mutoto wa kilimani anayesema luga ya mama yake nyumbani, Kiswahili sokoni na Kifaransa kidogo shuleni, ataandika kwamba mutoto huyu ni mugonjwa. Kumbe mutoto ni muzima, anajua luga mbili na nusu! Na kinyume chake, mugonjwa wa kweli atapita bila kuonekana. Kongo ina luga ine za taifa, Kikongo, Kiswahili, Kilingala na Tshiluba, bila kuhesabu luga za makabila. Kazi ambayo inataka mutu ajue ginsi mama anavyomuchekesha mutoto kwa luga yao, kazi hiyo haitumwi kwa ndege. Itafanywa na mutu wa hapa, ao haitafanywa.

Tukumbuke habari ya Shiboleti katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12. Watu wa Efuraimu walisema "Siboleti", na kwa kosa la herufi moja waliuawa kwenye vivuko vya Yordani, watu 42,000. Hawakuwa wagonjwa. Walisema tu sawa vile mama zao walisema. Hapa shuleni tunawacheka wale wanaochanganya l na r, na tunawaita majina ya vilima vyao. Ortofonisti wa kweli anajifunza kwanza kutenganisha mambo hayo mawili: ugonjwa wa kusema, na musemo wa kwetu. Ule wa kwanza anausaidia. Ule wa pili anauacha, maana hauhitaji dawa.

Tena kazi hii yenyewe ilikosea zamani, hatutaki kuificha. Mwaka 1880, katika mukutano wa Milano, Italia, wafundishaji wa viziwi walipiga kura kwamba viziwi wafundishwe kwa kinywa tu, na luga ya mikono iachwe. Watoto wengi kisha hapo walilazimishwa kutoa sauti wasizozisikia, na wengine walipigwa mikono. Mutu aliyeleta njia ingine kwetu Afrika ni Andrew Foster, Mumarekani mweusi, kiziwi mwenyewe, mumisionere. Alianza shule ya viziwi huko Ghana mwaka 1957, na kazi yake ilifika katika inchi nyingi, hata hapa Kongo. Alikufa mwaka 1987 katika aksidenti ya ndege huko Rwanda. Yeye alianza na mikono, kusudi mutoto apate luga kwanza. Ortofonisti wa leo anayejua kazi yake hapigani na mikono. Anatafuta mutu apate njia ya kutoa kile kilicho moyoni: kwa sauti, kwa mukono, kwa picha, kwa kuandika kwenye kibao sawa Zakaria.

Wenzetu watauliza mambo ya njia na ya pesa, na wana haki. Kwa kuwa tunasoma Kifaransa, tunaweza kutazama Lomé, katika Togo, ambako shule ya taifa ya wasaidizi wa waganga imefundisha maortofonisti wa Afrika tangu miaka ya 2000. Karibu nasi zaidi, universite ya Makerere, Kampala, ilifungua masomo haya mwaka 2008, lakini kule ni Kingereza. Kuko pia Ubeljiji na Ufaransa, kwa mwenye kupata burse. Si njia rahisi, na hatusemi kwamba anayerudi atakuta ofisi na motokari vinamungojea. Atajitengenezea pahali pake. Lakini kumbukeni kinezi: zamani watu walisema ni kazi ya kukanda tu, leo mutu akivunjika mguu anatumwa kwake. Lopitali, shule za viziwi, vituo vya walemavu vya makanisa yetu, wote wana wagonjwa wa namna hii tayari, hawana tu mutu wa kuwapokea. Avoka wa elfu moja katika muji mmoja anapigana na wenzake kwa ajili ya kesi. Ortofonisti wa kwanza katika muji wake hatapigana na mutu.

Na opsioni? Biolojia inasaidia, Kifaransa kizuri kinasaidia, lakini wenzetu wa Pedagojia wasijizarau. Nusu ya kazi hii ni kuvumilia mutoto anayekosa jambo moja mara mia, na wao njo wanajifunza hilo.

Hata hivyo Lomé ni mbali, na hapa ndani ya ukuta wetu kuko jambo lisiloweza kungoja diplome ya mutu. Munajua sheria ya ibada ya asubuhi: kila mwanafunzi asome Neno kwa zamu yake, na anayekataa anapewa kazi ya kukata majani. Kuko mwanafunzi mmoja wa madarasa ya chini, hatumutaji jina, ambaye mwaka huu amekata majani mara tatu. Wanasema ni mukaidi. Si mukaidi, ana kigugumizi. Siku ya kwanza alijaribu kusoma, akashindwa kwenye neno la kwanza, na sisi wote tulisikia kicheko kilichotoka viti vya nyuma. Tangu siku hiyo amechagua panga. Sasa anasema kwamba mwaka ujao hatarudi, maana amesikia kwamba katika Mutihani wa Serikali kuko Kifaransa cha kusema kwa kinywa, mbele ya waamuzi, na anaona ni bure kulipa miaka yote ile kwa kuanguka mwisho. Mutoto huyu ni wa kwanza wa darasa lake katika hesabu.

Karibu mutu mukubwa mmoja kwa 100 ana kigugumizi. Kwa watoto wadogo ni wengi zaidi, lakini wengi wao kinawaacha wenyewe. Kinapata wanaume kupita wanawake, na kinatembea ndani ya jamaa. Si woga unaokileta, wala uvivu, wala pepo. Lakini aibu inakiongeza uzito. Katika mwaka 1939, huko Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, watafiti wa universite walichukua watoto yatima 22. Kuko waliokuwa wanasema vizuri, nao wakaambiwa mara kwa mara kwamba wanaanza kuwa na kigugumizi, na kwamba wajichunge sana. Hawakupata kigugumizi cha kweli, lakini wengine walianza kunyamaza na kuogopa kusema darasani. Mukubwa wa kazi hiyo, Wendell Johnson, alikuwa mwenyewe na kigugumizi tangu utoto, na alitafuta kusaidia watu. Universite iliomba musamaha mwaka 2001. Kama maneno ya mukubwa yaliweza kufunga kinywa cha mutoto muzima, kicheko cha wanafunzi mia tatu kitafanya nini kwa yule aliye na shida tayari?

Kuko walimu wanaofikiri wanamusaidia wakimuambia "Pumua kwanza", ao wakimumalizia neno. Kwa heshima yote, tunaomba waache. Inafaa kumutazama uso, kungoja, na kujibu kile alichosema, si ginsi alivyokisema. Na Musa, aliyelalamika kwamba ulimi wake ni muzito, Mungu hakumupa panga akate majani. Alimupa Haruni asimame pembeni yake.

Tunasema Haruni kwa sababu kuko jambo moja ambalo maortofonisti wanalijua vizuri sana: mutu mwenye kigugumizi akisoma pamoja na mwenzake, sauti mbili kwa wakati mmoja, mara nyingi kigugumizi kinapotea ao kinapungua sana. Kinarudi akiwa peke yake, hakiponi kwa njia hiyo. Lakini kwa dakika zile tatu za ibada atasoma, na wote watamusikia. Tulijaribu naye siku ya posho jioni, nyuma ya jengo la internati, Zaburi nzima. Alisoma bila kusimama.

Kwa hiyo Komite imeandika barua kwa Bwana Prefe. Tunaomba mambo mawili. Kwanza, adabu ya kukata majani iondolewe kwa anayeshindwa kusoma juu ya ulimi wake, na wanaocheka njo wapewe panga. Pili, kila asubuhi Neno lisomwe na wanafunzi wawili kwa sauti moja, shule nzima, kusudi mutu asijulikane ni nani anayesaidiwa. Barua iko mezani kwake tangu siku ya tatu. Karatasi ya wasomaji wa mwezi ujao tumekwisha kuitengeneza, ina mistari miwili kwa kila siku, na majina ya juma la kwanza yamejaa yote.

Kwa jina la Komite,
Doyen wa wanafunzi, darasa la mwisho